Mvua Ikipiga Bati

Kivuko cha kwenda Mwanza kilikuwa kimeshaondoka upande wa Sengerema mzee mmoja alipoketi karibu na Odeta. Alimwamkia, mzee akaitikia marahaba, kisha akaanza kulisifu jua, ingawa hakuna aliyemuuliza.

"Mimi nipe kiangazi cha Shinyanga. Huku ziwani nguo hazikauki, mwili unanata."

"Mimi mtu wa Bukoba, baba. Napenda mvua," Odeta alijibu.

"Mvua ina hila, mwanangu. Ikipiga bati, mtu anafungua mlango anaondoka, na mwenzake hasikii. Mke wangu aliondoka hivyo."

Odeta alilivuta begi lake karibu. Alfajiri ile, mvua ikinguruma juu ya bati, alikuwa amemwacha mumewe, mwepesi wa kupiga, akikoroma. Huyu mzee ametumwa na nani?

"Ulimtafuta?" aliuliza.

"Bado namtafuta. Wewe unakwenda wapi?"

"Buhongwa, kwa shangazi," alidanganya. Alikuwa akienda Pasiansi, kwa dada yake.

"Basi tutafuatana. Hata mimi naelekea huko."

Kivuko kikagusa gati. Mzee akalinyanyua begi la Odeta bila kuombwa, akatangulia kushuka.