Ijumaa Kumi na Moja

Kaeni chini wanangu, na wewe Ndolo usikae karibu na mlango, leo hutoki mpaka nimalize. Phylis, nipandishie mto kidogo. Hapo. Daktari wa Kajiado amenipa wiki mbili, na hakutumia hesabu yoyote, aliniangalia macho tu, na nadhani yuko sawa.

Nianze na mali kwa sababu ndiyo mnaingojea, msijifanye. Hii nyumba ya Kitengela ni ya Phylis. Shamba la Isinya, ekari tano, ni la Ndolo, lakini sikieni vizuri: upande wa mto msiweke seng'enge, ng'ombe wa Lesiamon wapite kwenda kunywa maji kama walivyopita siku zote. Jirani huyo alitoa damu yake mara mbili mama yenu alipopungukiwa, wakati ndugu zangu mimi, watu wa tumbo moja, walileta maombi na soda. Hilo sijawasamehe. Wakija matangani wapeni chai, wakae nyuma.

Sasa nisikilizeni kwa lile ambalo halijawahi kusemwa ndani ya nyumba hii. Miaka ishirini nilifundisha hesabu chuoni, nikitafuta milinganyo ya kuonyesha jinsi saratani ya damu inavyokua mwilini, ili madaktari wajue mapema siku ambayo ugonjwa utaacha kusikia dawa. Halafu mwaka wa tisini na nane ugonjwa wenyewe ukaingia hapa, ukamshika Kalunde mama yenu, na mimi, Mungu anisamehe, nikilia hivyo nilifurahi kidogo kwamba niko na kitu cha kumfanyia. Nikabandika ile grafu sebuleni, yenye mstari wa milinganyo yangu unaoonyesha damu yake itakavyokwenda, hiyo hapo, mpaka leo sijaitoa. Kila Ijumaa Ndolo alimpeleka maabara Nairobi, akarudi na hesabu ya chembe nyeupe za damu ameiandika kwa mkono wake, nami nikaweka nukta kwa penseli. Ijumaa kumi na moja nukta zilikaa juu ya mstari wangu kama shanga kwenye uzi. Nikawaambia madaktari wasibadilishe dawa, mgonjwa yuko imara. Wiki ya kumi na mbili akaanguka jikoni, na hakumaliza siku nne.

Baada ya mazishi nilienda maabara kuchukua karatasi zao niandike makala yangu. Kwenye rejista jina la Kalunde halikuwepo. Ijumaa zote kumi na moja, hakuna.

Usiinamishe kichwa, Ndolo. Ulikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na sita. Miaka tisa tumekula meza moja nikikungoja useme, na wewe unanipakulia ugali. Nilikuchukia, acha niseme hivyo hivyo. Kulikuwa na wosia mwingine usio na jina lako, nimeuchana juzi tu, kwa sababu Phylis ameniambia ni mama yenu aliyekusihi. Alichoka na sindano, mikono imevimba, akakwambia mshuke Athi River mkale nyama mkiota jua, na baba umwandikie kitu cha kumtuliza. Ukachukua rula ukafuata mstari wangu. Mkanificha, kwa sababu mlijua ningemrudisha kwenye sindano. Na kweli ningemrudisha.

Kwa hivyo hasira imenigeukia mimi, na hii ni chungu kuliko ile. Damu ya mtu haitembei juu ya mstari. Niliwafundisha wanafunzi miaka yote: ukiona namba safi hivyo, uliza nani amezipika. Sikuuliza kwa sababu zilikuwa zinanisifu. Na kila asubuhi Kalunde alinipa hesabu ya kweli hapa hapa: alishindwa kuinua sufuria, mkanda wa rinda ulisogea matundu mawili, aliacha kuimba akifua. Nilikuwa nimempa mgongo, naangalia ukuta. Sisemi angepona. Labda angepata mwaka, labda miezi. Hata hiyo sitaijua.

Ngojeni... pumzi. Daftari zangu mpelekeeni Waceke, mwanafunzi wangu aliyebaki na hii kazi, na mmwonyeshe ukurasa wa zile namba za uongo. Na ile historia ya maisha yangu ya kusomwa kaburini, msiipambe. Someni haya niliyosema, hata ndugu zangu huko nyuma wasikie.

Ndolo, simama. Chukua kifutio. Futa zile nukta zote kumi na moja, na usiandike kitu mahali pake. Pabaki wazi hivyo.

Sasa njoo, lete kiganja nikitemee mate ya baraka, kama baba yangu alivyonifanyia. Yamekauka... Phylis, maji kidogo. Haya. Mpate watoto wanaowaambia ukweli. Mungu awatembeze salama, wewe na dada yako. Nimemaliza, sina kinyongo na wewe tena.

Usiondoke. Kaa hapa karibu, sauti haitoki... Zile Ijumaa, huko Athi River. Niambie, mama yako alikuwa anakula?