Sabuni ya Majivu na Salamu Niliyoiogopa

Bwana asifiwe, kanisa! Asifiwe tena, na ninyi mliokaa karibu na mlango nanyi msifuni, maana nawaona macho yenu yapo nje tayari. Sitawachelewesha. Ila nisiposema leo nitakuwa mwizi wa shukrani.

Mimi ni Mama Eli, dobi wa hapa Kariakoo. Ndugu zangu, mume wangu alikuwa kuli bandarini. Alipofariki aliniachia Eli na mdogo wake Upendo, na chumba cha kupanga katika nyumba yenye wapangaji wengi na ua mmoja. Nikaanza kufua nguo za watu. Nikasema kazi ni kazi, mkono utatulisha.

Kisha sabuni ikapotea mjini! Mnaikumbuka ile hali. Unaweka jiwe likushikie nafasi kwenye foleni ya duka la ushirika alfajiri, jiwe linakaa, jua linawaka, sabuni haiji. Tukaanza kufulia majani ya mpapai. Mzee mmoja muuza vitambaa alinipa kanzu yake nyeupe, ikatoka na rangi ya mchicha. Akaniuliza, "Mama Eli, nilikupa kanzu au nilikupa mboga?" Akacheka, lakini nguo hakuleta tena. Na wengine hawakuleta.

Sasa sikilizeni hofu yangu ilikuwa wapi. Siku zile mtu asiye na kazi mjini alikuwa akipakiwa kwenye lori na kupelekwa kijijini akalime. Kulima si aibu, mimi nimezaliwa shambani. Lakini ningepelekwa kijiji gani, kwa nani, na watoto wale wawili? Dobi asiye na nguo za kufua ana kazi gani? Kila lori lililopita mtaani, niliwaita watoto ndani.

Nikaomba. Na Mungu akanikumbusha bibi yangu kule Machame, jinsi alivyopika sabuni kwa majivu ya migomba. Ndugu zangu, soko letu hili linatupa vikonyo vya mikungu ya ndizi kila siku! Nikavibeba, nikavianika, nikavichoma. Majivu nikayatia ndani ya debe lililotobolewa chini, nimetandika makumbi ya nazi, nikamimina maji yakachuja taratibu, yakatoka yakiwa makali ya kuchoma ngozi. Nazi zilizoanza kuharibika nilizipata sokoni kwa bei ya huruma, nikakamua mafuta. Nikachemsha mafuta na maji ya majivu pamoja chunguni, nikakoroga mpaka mkono ukafa ganzi. Sabuni ikatoka! Nyeusi, laini, haikatwi miche kama ya dukani. Niliiweka kwenye vifuu vya nazi. Sura haina, lakini nguo zilitakata, na wateja wakaanza kurudi.

Lakini bibi aliniachia sabuni pamoja na katazo lake. Kwetu, anayekoroga sabuni hasemi na mtu. Ukitoa sauti, mafuta na maji vinaachana, umepoteza vyote. Mimi nimeokoka, nimebatizwa, naimba kwaya, lakini mbele ya chungu kile nilikuwa bubu! Mama Zuhura, jirani yangu kutoka Lindi, alikuwa akiamka asubuhi anasema, "Umeamkaje, Mama Eli?" Kimya. Balozi wetu wa nyumba kumi, mtu mzima wa heshima zake, alipita uani, nami sikumwamkia. Mimi, mtoto wa watu, nimeacha mtu mzima apite bila shikamoo! Hata baadaye sikueleza, nilidhani wataelewa. Nani aelewe?

Wakaanza kusema. Majirani wote wanafulia mpapai, huyu nguo zake nyeupe, na akisalimiwa ananyamaza. Ana siri huyu. Kaficha katoni za sabuni chumbani, chungu ni kiini macho tu, ni mlanguzi. Maneno yakavuka mtaa mzima, na mimi sikuyasikia, maana nani angemwambia mtu asiyeitika?

Mchana mmoja niko uani, sabuni imefika pale penyewe, inaanza kushikana. Balozi akaingia na mgambo wawili. Wapangaji wakatoka vyumbani. Balozi akasema, "Mama Eli, sabuni unaipata wapi?" Nikaendelea kukoroga. Akauliza tena. Mgambo mmoja akasema, "Mzee, huyu tumpeleke tu. Lori liko pale mtaa wa Gerezani." Upendo akaanza kulia.

Ndugu zangu, pale ndipo nilipofika mwisho wangu! Nikamwambia Bwana moyoni, nikisema sabuni inaharibika na ushahidi sina, nisiposema wananichukua. Na moyoni likanijia swali moja tu: wewe umeokolewa na nani, na Yesu au na kimya?

Nikafungua kinywa. Nikasema kwa sauti ya kwaya, "Shikamoo, Mzee!"

Balozi akashtuka. "Marahaba," akasema.

"Sabuni ndiyo hii. Naipika kwa majivu ya ndizi na mafuta ya nazi. Naomba mkae muione ikiiva."

Na mafuta yakaelea! Nawaambia ukweli wa Mungu, yalipanda juu mbele ya macho yangu. Mgambo akacheka, "Huo si mchuzi huo?" Shetani akaniambia, si ulionywa? Nikasema sikubali! Nikakoroga. Nikakoroga huku naeleza, debe, makumbi, vikonyo, yote. Nikakoroga huku namsifu Mungu. Mkono uliposhindwa, Mama Zuhura akaja akaupokea mti wa kukorogea, akasema, "Haya, niambie nizungushe wapi." Naye alikuwa akiongea bila kupumua! Na katikati ya maneno yake yote, sabuni ikashikana. Ikawa nzito kama ugali. Haleluya!

Balozi akavua kofia yake nyeupe ya viua, imefubaa kwa kufuliwa na majani ya mpapai. Akasema, "Fua hii." Nikaifua pale pale. Povu likajaa beseni. Ilipotoka, aliigeuza ndani na nje, kisha akawaambia wale mgambo, "Huyu si mlanguzi. Huyu ana kazi, tena kazi ya mikono yake. Twendeni." Nikakaa chini nikalia.

Mama Zuhura akakaa nami, nikamweleza katazo la bibi. Akasema, "Kumbe ulikuwa unapika tu! Mwenzio nilidhani umenichukia." Hilo liliniuma kuliko lori. Sasa tunapika pamoja, na kelele zake zinafika barabarani.

Ndugu yangu, labda nawe uko hapa na katazo ulilorithi. Umeambiwa ukilivunja utakufa, na umelibeba mpaka ndani ya kanisa. Livunje leo! Bwana wetu haogopi chungu, haogopi mti wa matambiko wala jina la mzimu. Mwamini, ufungue kinywa chako. Mafuta yakielea, koroga tu, usiache.

Mimi sikupanda lori. Eli, Upendo, simameni hapo mlipo, kanisa liwaone.