Barua ya Kunirudisha Kwetu

Mheshimiwa Bwana Shefu wa Gare, mkuu wa stesheni yetu, Baba Padri, Mheshimiwa Mfumu Umba, chifu mwenye ardhi hii, ndugu zangu wa reli, mama zetu, na ninyi wageni wote mlioacha kazi zenu mkaja: nawasalimu kwa heshima.

Mimi Noé, kapita, msimamizi wa mafundi wa njia ya reli tangu mwaka wa 1927, leo natoka kazini baada ya miaka thelathini. Nashukuru kwa zawadi ya saa mliyonipa. Ila pamoja na saa nimepewa barua, nayo inasema nyumba ya kambi ya reli niirudishe kabla ya mwezi kwisha, kisha mimi na mke wangu Mathilde turudi kwetu, Kasai. Kwetu? Nilitoka Kasai nikiwa na miaka kumi na saba. Wazazi walishakufa, kijiji chenyewe kilihama. Nikifika, nitamwuliza nani njia? Nimetembea siku tatu na barua ile mfukoni, na nasema wazi: iliniuma.

Nchi hii naipenda, lakini siifichii makosa yake. Nimepanga mataruma chini ya kila behewa linalopita Kamina, na bado liko behewa la Wazungu ambamo siruhusiwi kuketi. Unisamehe, Bwana Shefu. Wewe mwenyewe unalijua.

Lakini je, nchi ni behewa lile tu? Mwaka ule wa mvua kubwa, maji yalibeba tuta la reli hapa nje ya mji, upande wa Kaniama. Timu yangu ilikuwa na Waluba, Wabemba, Mrundi mmoja, na Mkasai mkaidi, ndiye mimi. Tuligombana hata juu ya bukari, ugali wetu, huyu akitaka ya mahindi, yule ya muhogo. Mawe ya kulijaza tuta upya yakatushinda. Siku ya pili wakatokea wakulima wa Mfumu Umba, wamejitwika vikapu vya mawe, na hakuna aliyewaita. Nikamwuliza mmoja wao, Mama Mujinga, yule anayecheka pale: "Mama, reli iko yenu?"

Akanijibu: "Hapana, baba. Lakini weye njo uko mu mayi. Kamata kitunga." Akanisukumia kikapu chake, nami nimesimama majini hadi magotini.

Juzi aliposikia habari ya barua, Mama Mujinga huyu alikuja kwetu na mzigo wa miti ya muhogo ya kupanda, akautua mlangoni. "Mathilde, shamba iko. Mfumu alishaitika." Mathilde akalia, na mimi nikalia. Muhogo hukaa ardhini zaidi ya mwaka kabla ya kuvunwa. Nani humpa mbegu yake mtu wa kuondoka mwezi huu?

Basi, Bwana Shefu, barua yako nimeitii. Narudi kwetu. Ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, ng'ambo ya reli, kijijini kwa Mfumu Umba. Tunahama leo hii, chakula kikiisha. Kitanda chetu ni cha mbao nzito na mgongo wangu umechoka, kwa hiyo naomba wanaume wanne, wa kabila lolote, waje wakishike.

Kwa kunisikiliza mpaka mwisho, asanteni sana.