Sema Umeyaacha Mambo ya Giza

Akina mama, mie sikuja hapa kulia. Nililia zamani, nikamaliza. Nimekuja kuwaeleza jinsi nilivyoitwa mchawi hapa hapa Bofu, Likoni, na jinsi nilivyokataa kuacha uchawi ambao sikuwa nao.

Miaka ya themanini ilikuwa yaelekea ukingoni. Nilirudi nyumbani kutoka chuo kikuu na utafiti wangu wa fizikia, niumalize kabla nafasi yangu haijapewa mwengine. Kazi yenyewe yaitwa maada ya giza. Msiogope, nawaeleza. Nyota zimejikusanya makundi makubwa, na kila kundi lazunguka. Zile za pembeni zaenda mbio mno, zingekuwa zishatawanyika. Hazitawanyiki. Kuna kitu kizito chazishika, nacho hakitoi mwanga wala hakionekani. Na baadhi ya hesabu za kukitafuta zafanana na hesabu za umeme unavyopita ndani ya mawe yaliyopozwa kwa baridi isiyo na mfano. Mie nilikuwa kati ya hayo mawili, mbingu na jiwe, nikiandika kwa chaki nyuma ya mlango wa chumba changu.

Siku ya posa yangu, mama mmoja wa upande wa bwana akaniuliza, "Mwanangu, wasomea nini?" Nikajibu kwa adabu zote, "Maada ya giza, mama." Yeye akasikia mambo ya giza. Ndugu zangu, nawaambia, kabla birika la kahawa halijapoa, Likoni nzima yashajua kwamba nimekwenda bara kusomea majini.

Posa ikasimamishwa. Watoto niliokuwa nikiwasomesha hisabati wakaondolewa mmoja mmoja. Mamangu, ambaye hakuna harusi iliyopikwa bila yeye, akaacha kuitwa, na hilo liliniuma kuliko posa. Nikanyweshwa kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi. Nililinywa wala sikulidharau, aya ni aya. Lakini ndani nilikuwa nimevunjika. Niliufuta mlango wote kwa kitambaa cha maji, nikalala nimeuelekea ukuta, nikawa hata nikiitwa, "abee" hainitoki.

Mwisho upande wa bwana wakatoa sharti: niape mbele ya wanawake kwamba nimeyaacha, posa irudi. Nikakubali. Nilikuwa nimechoka. Wakaja baada ya sala ya Ijumaa, wakajaa uani kwetu. Shangazi yangu, dadake babangu, akanishika bega. "Sema, mwanangu. Neno moja tu. Sema nimeyaacha mambo ya giza, tule mahamri."

Neno lile, nimeyaacha, nikalipima kabla ya kulitamka. Mtu huacha alichokuwa nacho. Nikisema nimeyaacha, nimekiri. Mpaka kufa kwangu ningekuwa mchawi aliyetubu, na mamangu mamake mchawi aliyetubu. Hasira ikanipanda, wallahi, hasira tamu.

"Siyaachi," nikasema.

Nikaenda bombani, nikajaza ndoo nusu, nikarudi katikati ya ua nikaanza kuizungusha, juu, chini, kwa nguvu zangu zote. Wakapiga mayowe, wakakusanya mabuibui yao. "Atatumwagia huyu!" Halikumwagika tone.

"Mwaona?" nikawaambia, mkono wataka kung'oka. "Ndoo hairuki kwa sababu nimeishika. Nyota nazo zazunguka hivi, ila mkono hauonekani. Hilo ndilo giza langu. Nautafuta mkono."

"Mkono ni wa Mola," shangazi akasema kwa ukali.

"Na mvua ni ya Mola, shangazi. Mbona watazama wingu kabla hujaanika nguo?"

Mmoja akacheka, kisha akajizuia. Wengine hawakucheka. Upande wa bwana wakavaa viatu wakaenda zao, na posa ikaenda nao. Siwaongopei, iliniuma. Mamangu akasema, "Rudisha ndoo mahala pake, ukaandike."

Nikaandika. Utafiti ukaisha, mwalimu wangu wa chuo kikuu akaupokea, na leo nasomesha huku naendelea kutafuta. Maada yenyewe sijaiona, wala duniani hakuna aliyeiona. Wako waniambiao niibadilishe jina kazi hii, nisiwatishe watu. Sibadilishi.

Namshukuru mwalimu wa kike wa madrasa, yule aliyeniandikia kombe. Alipoulizwa ametoa nini mwilini mwangu, alijibu hakukuwa na cha kutoa. Namshukuru jirani yetu kutoka bara, aliyekuwa wa kwanza kumrudisha mwanawe kwangu. Nanyi mliokaa hapa mmebeba majina mliyopewa na watu, nawaomba hili tu: msitubie kosa la masikio ya mtu mwengine.

Mamangu namshukuru kupita wote. Juzi alikuwa jikoni kwenye harusi, mama mmoja akamnong'oneza kama bado nashughulika na vile vitu. Mamangu akaweka mwiko chini, akajibu kwa sauti ya kusikika ua mzima, "Ee, binti yangu asomea giza. Wako asomea nini?"