Aliyerudi kutoka Ulsan

Kijiwe chao ni jukwaa la mbao mbele ya duka la Bi Ok-bun, kwenye mtaa mmoja mkongwe wa mji wa Gunsan, Korea Kusini. Pana birika la maji ya moto na vikombe vya karatasi vya kahawa ya pakiti, ile yenye maziwa na sukari humo humo. Wenyewe ni watatu: Bi Ok-bun, Profesa, ambaye hajawahi kufundisha hata chekechea ila hakuna tamthilia ya televisheni iliyompita, na Mzee Pyo, dereva mstaafu wa basi, aitwaye Breki kwa sababu abiria wake walikuwa wakishuka wameshika shingo. Alasiri hiyo ya msimu wa mvua, mashati yamegandana na migongo, Da-on, binti wa mtaa huo huo, alikuja na kompyuta yake akaiweka katikati yao. Alikuwa akisomea filamu chuoni Jeonju, na hii ndiyo kazi yake ya kumalizia masomo. Mwalimu wake wa huko alikuwa ameitazama akamwambia, “Kuna uongo humu. Sijui uko wapi. Utafute.” Da-on alikuwa ameutafuta mpaka macho yamekuwa mekundu, na kesho ndiyo siku ya kukabidhi.

Filamu yenyewe ni fupi. Kijana anarudi nyumbani kutoka Ulsan, kwenye viwanda vya meli, baada ya miaka ya kutosemezana na baba yake. Anasimama mlangoni, mvua inamnyeshea. Baba, anayeigizwa na Mzee Breki, anafoka. Kijana naye anafoka. Wanalia, kijana anaondoka, mlango unafungwa.

Picha ilipozima, Mzee Breki ndiye aliyeanza.

– Mbona umenipiga picha upande huu? Sikio hili ni kubwa kuliko lile.

– Sikio lako halina kesi, mzee, alisema Bi Ok-bun. – Uongo ni mvua. Ule ni mpira wa kumwagilia bustani wa mjomba wake Da-on, nimeuona kwa macho yangu. Mvua gani inamnyeshea mtu mmoja?

– Acheni hizo, alisema Profesa. – Tatizo, kijana ni mzima. Mtu mwenye afya hamlizi mtazamaji. Mpe ugonjwa wa damu.

– Ugonjwa wa nini, bwana? alidakia Bi Ok-bun. – Kijana anafanya kazi ya kuchomelea meli!

– Ndiyo hivyo! Figo zimeharibika na moshi. Baba anampa figo moja. Halafu daktari anapima, anakuta damu haziendani. Kumbe walibadilishwa hospitali siku ya kuzaliwa!

– Na mtoto wangu wa kweli yuko wapi? aliuliza Mzee Breki, sasa na yeye kaanza kuingia.

– Ndiye daktari.

Bi Ok-bun alijimiminia maji juu ya kahawa, akakoroga kwa ile pakiti tupu.

– Na mama je? Humu ndani hamna mama. Nani anafua?

– Mama ndiye mwenye hospitali, alisema Profesa bila hata kufikiri. – Au, ngoja. Ngojeni. Baba alishakufa zamani. Kijana anaongea na mzuka!

– Nimekufa saa ngapi mimi? Mzee Breki aliweka kikombe chini. – Nimekaririshwa maneno yale juma zima, goti linaniuma, leo unaniambia nilikuwa maiti?

Da-on alicheka kidogo, kicheko cha mtu asiye na nguvu ya kukataa. Maneno yote ya filamu yalikuwa ya kweli, wala hakuyatunga. Kaka yake, Tae-gyeom, alikuja hivyo hivyo msimu wa mvua wa mwaka juzi, akasimama mlangoni, akafokeana na baba yao, akaondoka. Da-on alikuwa chuoni. Alisimuliwa na mama kwenye simu, neno kwa neno, naye akayaandika neno kwa neno. Pale kijiweni walilijua hilo wote. Ndiyo maana walikuwa wanaongea habari za figo.

– Irudishe tena, binti, alisema Profesa. – Nimtazame huyo mzuka vizuri.

Akairudisha. Ikiwa inaendelea, mpangaji mpya wa ghorofa ya juu, mama mmoja wa makamo, alishuka kununua mifuko ya taka. Bi Ok-bun alimwonyesha kwa kidole asubiri. Yule mama akasubiri, akatazama juu ya mabega yao mpaka mlango ulipofungwa.

– Samahanini, alisema. – Huyo kijana katoka Ulsan?

– Ulsan, naam, alijibu Mzee Breki. – Kwa basi. Nusu siku barabarani.

– Alikuwa amekula?

Wakatazamana. Mzee Breki alitazama kile kioo kilichozima kana kwamba angeweza kujiuliza mwenyewe mle ndani.

– Mimi hawakunipa maneno hayo, alisema hatimaye, taratibu.

– Da-on? aliuliza Bi Ok-bun. – Alikuwa amekula?

– Sijui, shangazi.

Mama hakumwambia. Huenda naye hakujua. Nyumba nzima ilijua nani alimtukana nani, na kwa neno gani, lakini hilo hakuna aliyelijua. Da-on alifunga kompyuta. Alitoa simu, akalitafuta jina ambalo hakuwa amelipigia tangu mwaka juzi, akaandika bila salamu: “Kaka, siku ile ulipokuja nyumbani, ulikuwa umekula?”

Wakakaa. Yule mama alilipia mifuko yake lakini hakupanda ngazi. Kahawa zilipoa, na hakuna aliyeomba nyingine. Basi likapita, na mara hii Mzee Breki hakumsema dereva wake.

Simu ikatetema.

– Anasemaje? aliuliza Profesa, kwa sauti ndogo.

Da-on alisoma, akawageuzia wote waone. Lilikuwa neno moja.

“Bado.”

Bi Ok-bun aliinuka, mkono kiunoni, akasukuma mlango wa duka kwa bega.

– Muulize anakuja lini, alisema. – Niloweke mchele.