Msalaba wa Muzee Pietro

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Asifiwe na mkono huu wa kuume ninaouinua mbele yenu, maana ndio uliofungwa.

Mnaiona rangi yangu. Babu yangu Pietro alikuwa Mwitaliano, fundi wa kujenga aliyekuja kijijini Kalengera, akamuoa bibi yangu, akazikwa hukohuko. Hapa mjini, mtaani Mapendo, watu hudhani kila muzungu huzaliwa na diplome mfukoni. Basi walitucheka sana, kwa sababu kwetu hakuna hata mmoja aliyeipata. Papa, baba yangu, alifika kwenye egzame ya Leta, ule mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, akaandika msalaba tu kwenye karatasi, akatoka nje. Shangazi yangu vilevile. Wote wawili walisema kitu kimoja: mkono mwingine uliwalalia juu ya mkono.

Sikuwaamini. Nilikuwa wa kwanza darasani na kiburi kilinijaa. Zamu yangu ilipofika nilishika biki ya kuandikia asubuhi kweupe, dirisha wazi, na chumba kikaanza kunuka simenti mbichi. Vidole baridi, vyenye ngozi ngumu, vikafunika vyangu. Nilitaka kuandika jina langu, ukatoka msalaba. Nikarudia, ukatoka msalaba mwingine. Msimamizi alidhani namdhihaki, akanitoa nje.

Chini ya kitanda cha Papa kulikuwa na kopo, na ndani yake karatasi ya babu iliyokunjwa. Kwa nje ulionekana msalaba mmoja mzito wa wino. Papa alisema muzee alitupigia musalaba, yaani alitukatalia njia. Hakuna aliyethubutu kuikunjua.

Niliolewa, nikazaa. Watoto wakiniletea kazi za shule niliwatuma kwa jirani, kwa sababu kila nikigusa daftari vidole viliganda. Ndugu zangu, aibu ile siwatakii ninyi. Nikaapa kujaribu egzame mara ya mwisho, nikawaita mama wa maombi waje tuiteketeze ile karatasi. Mbabula, jiko letu la makaa, iliwaka. Mukaka, yaani bibi yangu, aliyekuwa ameletwa mjini kutibiwa macho, alikuwa amekaa pembeni.

"Munachoma nini?" akauliza.

"Laana ya muzee, Mukaka."

"Mulisoma?"

"Hapana, Mukaka. Tuliogopa."

"Musome kwanza. Ile siku alilia."

Nikaikunjua. Ilikuwa karatasi ya kumwandikisha Papa shuleni, darasa la kwanza. Chini, mahali pa mzazi kuweka sinyatiri, sahihi yake, hapakuwa na jina. Palikuwa na msalaba ule tu.

Bibi akasema, "Pietro hakujuaka kusoma. Kwao walimubebesha mawe tangu mutoto. Padri alimuambia aandike jina, akapiga musalaba, haya ikamushika. Akasema, batoto wangu ndio wataandika jina yangu."

Mama wa maombi waliuzima moto. Mimi nililia kama niliyefiwa siku hiyo. Miaka yote tulidhani muzee anatuzuia, kumbe alikuwa anangoja.

Siku ya egzame harufu ya simenti ilirudi, na vidole vikarudi. Niliogopa, sitawadanganya. Nikaomba, "Yesu, mkono huu ni wako, na huyu muzee pia ni wako." Kwenye karatasi ya kujaribia nikauacha mkono uchore msalaba wake. Chini yake nikaandika polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza: P, I, E, T, R, O. Vile vidole vilifuata kila herufi. Kwenye ile O vilinibana kidogo, kisha vikaachia, na harufu ikaisha. Ndipo nikaandika jina langu mimi.

Diplome ni hii hapa. Wengine mtaniuliza kama ilikuwa pepo au babu. Sijui, nami sitabishana. Ninajua aliyenifungua, na ninamshukuru. Kama kwenu kuna kitu kilichokunjwa mnachokiogopa tangu wazee, mtumainieni Mungu, mkikunjue na mkisome kabla ya kuwasha moto.

Ile karatasi nilimrudishia Papa. Aliisoma, akaomba biki. Chini ya msalaba aliandika jina la baba yake, na hakuna aliyemshika mkono.