Bi Kanda na Nyimbo za Wodi Namba Nne

Baada ya miaka thelathini na mmoja kazini, muuguzi tunayemwita Bi Kanda anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe thelathini mwezi huu. Jina hilo lilitokana na kanda za muziki zilizokuwa zikitokeza kwenye mifuko ya sare yake. Jina lake halisi limo kwenye faili, na wengi wetu tungelazimika kwenda kulichungulia.

Alianzia wodi ya wazazi. Miaka kumi na minne baadaye akahamishiwa Wodi Namba Nne, ya wazee wenye maradhi ya kupoteza kumbukumbu. Hakuna aliyeomba kupelekwa huko. Wazee walipiga kelele, walitukana, walikataa kuoga, nasi tulikuwa na jibu moja tu: sindano ya kutuliza.

Kisha akaletwa fundi cherehani mmoja mstaafu. Hakumtambua hata binti yake, na kila akipelekwa bafuni alirusha ngumi. Moja ilimpata Bi Kanda shavuni. Akiwa bado na uvimbe, alimfuata binti yule kwenye benchi la korido, akamuuliza, "Baba akiwa kwenye cherehani alikuwa anaimba nini?"

Binti alishangaa, amekuja kuulizia dawa, anaulizwa nyimbo. Lakini akakumbuka wimbo mmoja wa harusi ambao baba yake aliuimba akishona magauni ya maharusi, akamfundisha Bi Kanda palepale.

Kesho yake Bi Kanda aliuimba bafuni, kwa sauti ambayo, tuseme ukweli, haijawahi kumtoa nyoka pangoni. Mzee akanyamaza. Ubeti wa pili akaudaka mwenyewe, neno kwa neno, huku amenyanyua mkono apakwe sabuni. Nje ya mlango, binti aliketi sakafuni akalia. "Mwaka mzima nasikia kelele zake tu," alisema. "Leo nimemsikia baba."

Matroni wa wakati huo hakufurahishwa. "Hapa ni hospitali, mama, si ukumbi wa harusi." Bi Kanda hakubishana. Aliomba miezi mitatu na bafu moja. Akafungua daftari, akaandika kila siku nani kaimbiwa nini, nani kala, nani kaoga bila vurugu, nani hakuhitaji sindano. Miezi mitatu ilipotimia, sindano zilikuwa zimepungua kwa nusu. Matroni alilisoma daftari mara mbili, kisha akauliza kama bibi wa kitanda cha sita naye ana wimbo wake.

Alikosea pia, na hakuficha. Siku moja aliweka kanda, mwalimu mmoja mstaafu akaanza kutetemeka na kupiga mayowe. Wimbo ule uliimbwa siku ya kumzika mwanawe. Bi Kanda alizima redio, akamshika mikono mpaka akatulia. Tangu hapo familia huulizwa mambo mawili: nyimbo za furaha, na nyimbo za kutoguswa kabisa.

Yule fundi alifariki baada ya miaka miwili, maana muziki hauponyi maradhi haya, na Bi Kanda hakumdanganya mtu. Wiki ya mwisho mzee hakuweza kusema. Lakini binti akimwimbia, vidole vyake vilisukuma taratibu kitambaa ambacho hakikuwepo.

Bi Kanda aliandika barua nane kuomba tuajiriwe mtaalamu wa tiba ya muziki. Hazikujibiwa. Akaandika ya tisa. Mtaalamu huyo ameanza kazi mwezi uliopita, na tayari amekwisha kukemewa na Bi Kanda kwa kuimba mbiombio.

Asante, Bi Kanda, kwa masikio yako na ukaidi wako. Tunakutakia afya njema, usingizi wa kutosha, na asubuhi zisizo na zamu. Sisi Jumatatu tunaanza na babu mpya wa kitanda cha tatu. Mkewe ameapa kwamba mumewe hakuwahi kuimba maishani mwake.

Tutamuuliza tena.